Biashara Ikikua Hubadilisha Mkono: Funzo la Oltepesi kwa Wanawake wa Pwani

Kila ifikapo Machi 8 tunasikia hotuba zile zile. Mwanamke ni nguzo ya jamii, mwanamke akiwezeshwa taifa limewezeshwa, kisha watu wanagawiwa lesso na soda, mgeni wa heshima anapanda gari lake na kwenda zake. Mimi sina ugomvi na hotuba. Ninalogomba nalo ni swali ambalo hotuba hizo haziliulizi. Kenya hii haina uhaba wa wanawake wafanyabiashara. Nenda Kongowea alfajiri, nenda Marikiti, nenda gati la Lamu, nenda soko lolote la bara, utawakuta wamewahi kuliko jua. Uhaba tulio nao ni wa wanawake wanaoamua: wanaopanga bei, wanaotia sahihi ya benki, wanaokaa kwenye kamati inayosema nani auze wapi na kwa masharti gani. Kufanya biashara ni jambo moja. Kuongoza biashara ni jambo jingine.

Kwa muda sasa kazi zangu hunipeleka kaunti ya Kajiado, na huko nimeliona jambo hili wazi kuliko nilivyoliona nyumbani Mombasa. Labda ni kwa sababu mgeni huona ambacho mwenyeji amekizoea. Naomba msomaji anivumilie tupande bara kidogo, kisha tutateremka pamoja hadi ufukweni.

Oltepesi ni wapi?

Ukitoka Nairobi kupitia Ngong na Kiserian, barabara ya Magadi inapita Corner Baridi kisha inaanza kuteremka Bonde la Ufa. Baridi inakwisha, vumbi na joto vinaanza, na migunga inatawala pande zote mbili. Oltepesi iko njiani humo, Kajiado Magharibi, na jina lenyewe kwa Kimaasai ni la mti wa mgunga. Ni kituo kidogo: maduka, hoteli za chai, shule, mbuzi wanaovuka barabara bila haraka. Jirani yake ni Olorgesailie, mahali wataalamu wa mambo ya kale walipofukua mashoka ya mawe kwa maelfu. Miongoni mwa walivyovipata ni vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, ambalo halipatikani papo hapo. Lilitoka mbali, zaidi ya kilomita kumi, mengine makumi ya kilomita, yapata miaka 300,000 iliyopita. Wako wanaosema huo ni mwanzo wa watu kubadilishana vitu na majirani zao. Kwa hiyo mwambao usijione peke yake kwa biashara. Bonde hili lilitutangulia.

Msomaji asiichanganye Oltepesi na Kitengela. Zote ni Kajiado, lakini Kitengela iko upande wa pili, kwenye barabara kuu ya Namanga iendayo Tanzania, jirani na viwanda vya Athi River. Hesabu ya watu ya 2019 iliikuta Kitengela na watu 154,436, katika kaunti yenye watu 1,117,840. Kitengela kuna vyumba vya kupanga ghorofa kwa ghorofa, mitumba, saluni, maduka ya vifaa vya ujenzi. Oltepesi kuna maziwa, mbuzi, mkaa na shanga. Ni kaunti moja yenye dunia mbili. Lakini swali la nani anashika daftari ni lile lile kote kuwili.

Maziwa ya mama, ng'ombe wa baba

Katika mila ya Kimaasai, mwanamke ndiye anayejenga nyumba, ndiye anayekamua, na ndiye anayeamua maziwa yagawanywe vipi. Mwanamume ndiye mwenye kauli juu ya mnyama mwenyewe: kuuza, kuchinja, kutoa mahari. Kwa hiyo mama akibeba kibuyu au mtungi wa plastiki hadi barabarani na kuuza lita mbili tatu, pesa ile ni yake na hakuna anayemuuliza. Inanunua sukari, unga, daftari la mtoto.

Sasa tazama kinachotokea biashara inapokua. Mnunuzi mkubwa anakuja na tangi la baridi. Hataki lita mbili, anataka mia mbili. Hataki kulipa kwa sarafu kila asubuhi, anataka kulipa mwisho wa mwezi kwa akaunti. Akaunti inataka kitambulisho, na uanachama wa kikundi cha wauzaji unaandikwa kwa jina la mwenye boma. Mwenye boma ni nani? Baba. Bila ugomvi, bila mtu yeyote kukusudia ubaya, maziwa yaliyokuwa ya mama yanageuka kuwa mapato ya baba. Mama bado anaamka saa kumi na moja kukamua. Kazi imebaki kwake, malipo yamehama.

Jambo hili halikutokea Kajiado peke yake. Wataalamu wa ufugaji wamelieleza katika nchi nyingi za Afrika: zao likiwa dogo ni la mwanamke, likiingia pesa nyingi linahamia kwa mwanamume. Ndiyo maana nasema biashara ikikua hubadilisha mkono.

Ukame wa juzi umelifanya suala hili kuwa zito zaidi. Mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi 2022. Mizoga ya ng'ombe ilitapakaa kandokando ya barabara za Kajiado. Wanaume wakahama na wanyama waliobaki kutafuta malisho, na waliobaki nyumbani wakalishwa na biashara ndogo za akina mama: shanga, kuku, mbuzi mmoja mmoja, maji ya kuuza. Mama mmoja wa Oltepesi aliniambia kwamba mwaka ule kila mtu pale bomani alikula kwa mkono wake, lakini mvua iliporudi na mkutano wa kugawa misaada ya mifugo ulipoitwa, yeye aliambiwa apike chai ya wageni. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Hilo ndilo lililonikera mimi.

Na huku kwetu samaki

Msomaji wa Pwani asije akatikisa kichwa akisema hao ni Wamaasai na mila zao. Tuteremke.

Katika fuo zetu, kuanzia Vanga hadi Kipini, kuna akina mama tunaowaita mama karanga. Wananunua samaki wadogo, wanawakaanga na kuwauza mitaani na vichochoroni. Bila wao, mtu wa kipato cha chini asingeonja samaki. Lakini nani ananunua changu mkubwa, nguru, pweza na kamba? Ni tajiri. Tajiri ana friji, ana pikipiki au gari, anajuana na hoteli, na amemkopesha mvuvi mashine na nyavu, kwa hiyo samaki wa mvuvi yule ana mwenyewe kabla hajavuliwa. Kadiri hoteli na wanunuzi wa mbali walivyoongezeka, samaki mzuri alikwenda kwa tajiri, na mama karanga akabakishiwa dagaa na vilivyochujwa. Na tajiri kwa kawaida ni mwanamume.

Tazama pia mwani. Zanzibar kilimo hicho kilianza mwaka 1989, Paje na Jambiani, na tangu mwanzo wakulima wengi ni wanawake. Wanasimama baharini maji kupwa, mgongo umeinama, saa kwa saa. Bei ya kilo ya mwani mkavu haipangwi na wao. Inapangwa na msafirishaji, naye anapangiwa na viwanda vya ng'ambo. Kwetu Kwale, akina mama wa Kibuyuni nao wameingia katika kilimo hicho. Zanzibar na Kibuyuni wameonyesha njia ya kutoka: kusaga mwani na kutengeneza sabuni na mafuta. Anayeuza mwani mbichi anaulizia bei. Anayeuza sabuni yenye jina lake anataja bei. Tofauti ya uongozi iko hapo hapo.

Na sisi hatuna kisingizio cha dini. Mfanyabiashara Bi Khadija bint Khuwaylid alikuwa na misafara yake ya kwenda Sham, na aliajiri wanaume kuiongoza, akiwemo Mtume (S.A.W.) kabla ya ndoa yao. Mwanamke wa Kiislamu ana haki ya mali yake mwenyewe kisheria, na mume hana fungu ndani yake. Hata hapa Mombasa, kumbukumbu za zamani za viwanja zinaonyesha wanawake wakinunua, wakiuza na kuweka wakfu nyumba zao tangu enzi za Mwingereza. Kwa hiyo tulilonalo si upungufu wa haki katika kitabu. Ni haki iliyolala, hasa katika mirathi, ambapo dada anaambiwa fungu lako lipo, liko salama kwa kaka yako, na miaka ishirini inapita likiwa bado liko salama.

Vikwazo vitatu: ardhi, daftari na kiti

Nikiyatazama ya Oltepesi na ya ufukweni kwa pamoja, naona vikwazo vitatu vinavyomzuia mwanamke asivuke kutoka kuuza hadi kuongoza.

Cha kwanza ni ardhi, kwa sababu benki inataka dhamana. Kajiado ilipitia historia yake ya pekee. Sheria ya mwaka 1968 ya wawakilishi wa vikundi ilileta ranchi za pamoja, na walioandikishwa kama wanachama kwa kawaida walikuwa wanaume wenye maboma. Ranchi hizo zilipoanza kugawanywa vipande vipande, hati zilitoka kwa majina yaliyokuwa kwenye rejista. Jina la mama halikuwamo tangu mwanzo, kwa hiyo halikuwamo mwishoni. Kisha vipande vingi vikauzwa, hasa karibu na Nairobi. Kitengela yenyewe imesimama juu ya malisho yaliyouzwa. Mwanamke aliyechunga ardhi ile maisha yake yote aliamka akakuta ukuta. Kwetu Pwani hadithi ina sura nyingine lakini mwisho ni ule ule: familia zimekaa vizazi bila hati, na palipo na hati, jina ni la babu, la baba, au la bwana mmoja asiyeonekana. Bila hati hakuna dhamana, na bila dhamana mkopo unaobaki ni ule wa haraka wenye riba ya kutisha, ambao ndugu zetu wa Tanzania wameupa jina linaloustahili: kausha damu.

Cha pili ni daftari. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimekaa na vikundi vingi vya akina mama, vya bara na vya Pwani. Mchezo wanauendesha kwa uaminifu wa ajabu, zamu hazirukwi, senti haipotei. Lakini hesabu iko kichwani, au iko katika kitabu cha shule cha mtoto. Siku anapokuja mnunuzi au mkopeshaji na kuuliza mwaka jana mliuza kiasi gani, faida ilikuwa ngapi, hakuna karatasi ya kumwonyesha. Hapo ndipo anapoitwa kijana wa kiume aliyesoma, mtoto wa mmoja wao, awe katibu. Mwaka wa pili katibu anajua siri zote za kikundi. Mwaka wa tatu katibu ndiye meneja. Hakuiba chochote. Alishika tu kalamu iliyokuwa imeachwa mezani.

Cha tatu ni kiti. Mwanamke anaweza kuwa na mali na hesabu safi, lakini kama hayumo kwenye kamati ya soko, kamati ya ufuo, bodi ya ushirika au chama cha wafanyabiashara, kanuni zitaandikwa bila yeye. Kamati ya soko ikikaa saa moja usiku, mama mwenye watoto wadogo hayupo. Mkutano ukifanywa hotelini ambako wanaume hunywa chai na kutafuna miraa, mwanamke anayejiheshimu hataonekana pale. Hakuna sheria iliyomkataza. Saa na mahali vimemkataza.

Sheria tunazo, tuzitumie

Kenya ni nchi ya ajabu kwa jambo hili: sheria nzuri zipo kwenye kabati. Katiba ya 2010 imesema vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa visizidi theluthi mbili za jinsia moja. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya 1968, na chini yake mwanachama ni kila mtu mzima wa jamii, si mwenye boma peke yake. Kamati ya kusimamia ardhi huchaguliwa na mkutano wa wanajamii wote. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka mume na mke wote wawili wakubali kabla ya mali ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani. Na iko sheria ya 2017 ya dhamana ya mali inayohamishika, ambayo watu wachache mno wanaijua: inaruhusu mkopeshaji kukubali mifugo, bidhaa zilizo dukani, mashine, hata madai ya pesa usizolipwa bado, viwe dhamana badala ya shamba. Kwa mama wa Oltepesi mwenye mbuzi arobaini na mama wa Shimoni mwenye friji mbili na mashua, hii ni sheria yake. Aliyemwambia ni nani?

Upande wa mitaji, Mfuko wa Wanawake ulianzishwa 2007 na Mfuko wa Uwezo 2013. Mikopo yao ya vikundi haina riba, ila ada ya usimamizi, jambo ambalo kwetu Pwani lina uzito wake. Kwa wanaokwepa riba kabisa, benki zinazofuata sharia zilifungua milango nchini 2008. Na serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Lakini hapo kwenye zabuni tuseme kweli. Ziko kampuni zilizoandikishwa kwa jina la mke ilhali mke hajui hata ofisi iko wapi. Jina lake limekodishwa bila kodi. Na kwa yule mwanamke anayefanya kazi kweli, kaunti zetu humlipa baada ya mwaka au zaidi, akawa amekopa ili kuipa serikali mkopo. Gavana yeyote anayejisifu kwa kuwainua wanawake aulizwe swali moja tu: wanawake uliowapa zabuni mwaka jana umewalipa?

Mifano inayosimama

Sitaki niwe mlalamishi tu, kwa sababu mifano mizuri ipo, na mmoja uko kwenye barabara ile ile ya Magadi.

Ukipita Oltepesi na Olorgesailie ukaendelea kusini, utafika Olkiramatian. Huko kuna kituo kiitwacho Lale'enok, ambapo watafiti wa wanyama na mazingira hufikia na kulala, na wenyeji hukutana kupashana habari za malisho na wanyamapori. Kituo hicho ni mali ya kikundi cha wanawake. Zingatia neno mali. Hawakuajiriwa kufua mashuka ya kituo cha mtu mwingine. Mgeni akilala, mapato ni yao, na wanaume wanapotaka kufanya mkutano wa malisho hapo, wenyeji wa mkutano ni wanawake. Kiti hakikuombwa. Kilikuja pamoja na jengo.

Kajiado hiyo hiyo shirika la Green Energy Africa liliwafunza akina mama wa Kimaasai kufunga na kutengeneza vifaa vya umeme wa jua, wakavibeba kwa punda hadi kwenye maboma yasiyo na barabara. Siri ya mpango ule, kwa maoni yangu, ni kwamba ujuzi uliwekwa mikononi mwao. Taa ikizimika, baba wa boma anamwita mama fundi. Heshima ya ufundi ni dhamana isiyohitaji hati.

Nchini kwa jumla tuna ngazi ya kutazama. Mwaka 1977 Mary Okello alikuwa mwanamke wa kwanza nchini kusimamia tawi la benki ya Barclays, na mwaka uliofuata akaanzisha shule za Makini. Mwaka 1981 likaja shirika la Kenya Women Finance Trust, la kuwakopesha wanawake ambao benki nyingine ziliwaona si wateja, na Jennifer Riria akaliongoza hadi likawa taasisi kubwa. Flora Mutahi alianzisha kampuni yake ya chai, Melvins, mwaka 1995, na baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwenyekiti wa chama cha wenye viwanda nchini. Ukiwatazama wote watatu utaona jambo moja. Hawakubaki kuuza tu. Kila mmoja alijenga taasisi yenye jina, hesabu na bodi, kisha akaingia katika chumba ambamo kanuni huandikwa.

Na kwa wanaodhani haya ni ya waliosoma, nawaomba watazame India. Mwaka 1972 huko Ahmedabad, wakili Ela Bhatt alianzisha chama cha wanawake wa kazi ndogo ndogo, SEWA: wauza mboga, washona nguo, wabeba mizigo. Benki ziliwakataa. Mwaka 1974 wanawake 4,000 wakachanga rupia kumi kumi wakaanzisha benki yao wenyewe. Wengi hawakujua kusoma wala kutia sahihi, basi benki ikatumia picha zao kuwatambulisha. Hawakungoja kwanza wasome ndipo waongoze. Waliipinda taratibu ya benki ikawafuata wao.

Tusisahau pia kilicho mfukoni. M-Pesa ilipoanza 2007, watu wengi waliiona kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack uliochapishwa 2016 ulikadiria kwamba huduma hiyo iliwasaidia wanawake wapatao 185,000 kutoka kilimo cha kujikimu na kuingia biashara. Sababu yake si muujiza. Mwanamke alipata mahali pa kuweka pesa zake ambapo mkono mwingine haufiki. Ila kuna sharti: laini iwe kwa jina lake na nambari ya siri aijue yeye. Nimekutana na akina mama, Kitengela na Likoni vilevile, ambao laini zao zimesajiliwa kwa majina ya waume au watoto wao. Huo ni mkoba wenye kufuli, ila ufunguo uko kwa mwingine.

Siasa inataka vikundi, haitaki viongozi

Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na kila mwenye kikundi cha akina mama ameanza kupigiwa simu. Mahema, viti, sufuria na vyerehani vitagawanywa. Sisemi vikataliwe. Nasema tujue tofauti. Mwaka 2013 Peris Tobiko alishinda ubunge wa Kajiado Mashariki, eneo lenye Kitengela, akawa mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa mbunge wa eneo, na wazee walikuwa wamempinga hadharani. Mwaka 2022 Kwale ilimchagua Fatuma Achani, mwanamke wa kwanza kuwa gavana Pwani, na nchi nzima ikapata magavana wanawake saba. Haya ni makubwa. Lakini kiti cha siasa hakijasogeza bado kiti cha soko. Mwanamke anaweza kuwa gavana na bado kamati ya ufuo iliyo chini ya ofisi yake ikawa ya wanaume, mwanamke mmoja akiwekwa mweka hazina kwa sababu haibi.

Ndiyo, na hilo la mweka hazina tulizungumze. Karibu kila kikundi cha mchanganyiko nilichokutana nacho kina desturi hiyo: mwenyekiti mwanamume, katibu mwanamume, mweka hazina mwanamke. Tunamsifu kwa uaminifu, kisha tunamnyima uamuzi. Anatunza pesa ambazo matumizi yake hakuyapanga. Kama ni mwaminifu kiasi hicho, kwa nini asiwe mwenyekiti?

Tufanye nini?

Mambo yangu ni machache, na yote yanaweza kuanza bila kusubiri mfadhili.

Kwanza, kila kikundi kiwe na wanawake wawili wa kushika daftari, si mmoja, na kila mwaka mmoja atoke, mpya aingie. Baada ya miaka mitano kikundi cha watu ishirini kitakuwa na sita wanaojua hesabu, na hakuna katibu wa kukodi atakayekigeuza chake. Kama kuna binti aliyemaliza shule na yuko nyumbani, afundishe, alipwe, lakini sahihi isiwe yake.

Pili, kabla ya kukubali mnunuzi mkubwa, iwe ni wa maziwa, pweza au mwani, kikundi kiulize pesa italipwa kwa jina la nani. Swali hili liulizwe siku ya kwanza. Siku ya mia halina maana tena. Mashirika na kaunti zinazoleta matangi na friji zilazimike kuandikisha anayefanya kazi, si mwenye boma wala mwenye mashua peke yake.

Tatu, kaunti za Kajiado, Kwale, Kilifi, Mombasa, Lamu na Tana River zibadilishe saa na mahali pa mikutano ya kamati za masoko na fuo. Mikutano iwe mchana, katika shule au ofisi ya chifu. Ni jambo dogo lisilogharimu shilingi, nalo litaingiza wanawake wengi kuliko semina kumi.

Nne, makadhi wetu, maimamu na wazee wa familia wasaidie mirathi igawanywe mapema. Binti aliyepata fungu lake akiwa na miaka thelathini atafungua duka. Akilipata na miaka sitini atanunulia dawa.

Tano, na hili ni la akina mama wenyewe, nalisema kwa heshima: mama aliyefika juu asiivute ngazi. Nimewaona wenyeviti wa vikundi wa miaka kumi na tano ambao hawajamfundisha hata mmoja wa kuwarithi. Siku mwenyekiti akiugua, kikundi kinaugua naye. Kiongozi hupimwa kwa waliobaki baada yake.

Wako watakaoniambia kwamba mwanamke akiongoza biashara nyumba itavunjika. Nimelisikia Kajiado na nimelisikia Mji wa Kale. Jibu langu ni ukame wa 2022. Nyumba zilizosimama mwaka ule zilisimama kwa biashara za wanawake, na waume walioporudi na wanyama wachache waliosalia walikuta watoto wako hai na wako shuleni. Kilichovunja nyumba kilikuwa njaa. Sasa mvua imerudi, wanunuzi wanarudi, matangi ya baridi yanarudi, na kwetu bandari na barabara mpya zinaleta wanunuzi wa samaki kutoka mbali. Biashara itakua, hilo halina shaka. Kilichobaki ni kuamua sasa, kabla haijakua, itakuwa mkononi mwa nani.